Upanga Umelegea, Rangi Imechubuka: Kutafuta Chanzo cha Kasoro katika Vifaa vya Maigizo ya Njozi

Anayetengeneza kwa mikono yake panga, ngao, chapeo, deraya (vazi gumu la vita) na vinyago vya maigizo ya njozi hukutana na kasoro zilezile, awe anafanyia kazi barazani kwao Tanga au katika chumba cha kupanga Nairobi. Maungio huachia, rangi huchubuka, upanga huinama, kinyago huota ukungu, na baada ya miezi sita ya kujitahidi mkono huonekana haujasogea hata hatua moja. Jambo la kukubali kabla ya kushika kisu tena ni kwamba kasoro haionekani mahali ilipozaliwa. Rangi inayochubuka leo mara nyingi ni kosa la kuziba vinyweleo vya sponji lililofanyika siku tatu kabla, na ungio linaloachia begani huenda ni kosa la kukata wala si la gundi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma kutafuta ilikotokea.

Ninachukulia kwamba msomaji anatumia vitu vinavyopatikana bila kuagiza ng'ambo: sponji ngumu ya EVA, yaani ile ya mikeka ya rangirangi ya watoto inayoungana kwa meno, ambayo kwa kawaida huwa na unene wa milimita 10 hivi, maboksi, magazeti, gundi ya viatu, gundi nyeupe ya maseremala, msasa na rangi za maji. Ndala kuukuu nazo zisidharauliwe, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa sponji ya jamii hiyohiyo. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018, liliundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndala zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Anayetaka kujifunza mpini wa jambia hahitaji zaidi ya pea mbili zilizooshwa vizuri.

Maungio yanaachia

Ungio likiachia, usikimbilie kopo la gundi. Livute lote lifunguke, kisha litazame penye mwanga, kwa sababu pande mbili zilizoachana husimulia zenyewe kilichotokea.

Ukiona gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili uko mtupu, kosa liko kwenye huo upande mtupu. Ama ulikuwa na vumbi la msasa, ama sponji iliinywa gundi ikaishia ndani ya vinyweleo bila kuacha utando juu. Ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, uache ukauke, upake mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, mwembamba, usubiri ukauke kabisa, ndipo upake mkono wa pili.

Ukiona gundi iko pande zote mbili na inavutika nyuzinyuzi kama utomvu wa fenesi, uliunganisha mapema. Kosa hili hutokana na kuidhania gundi ya viatu kuwa sawa na gundi nyeupe. Gundi nyeupe hukaukia katikati ya vitu viwili vilivyokwisha kukutanishwa, lakini gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi isinate kidoleni, na baada ya hapo ndipo pande hukutanishwa na kubanwa kwa nguvu. Mimi mwenyewe niliharibu ngao mbili kwa haraka hiyo, mpaka nilipokaa nusu saa kando ya fundi viatu wa mtaani kwetu nikamtazama. Alipaka soli, akapaka kiatu, akaviweka vyote kando vikitazama juu, akashona mkoba wa mteja mwingine, akapokea pesa na kurudisha chenji, ndipo akarudi kwenye kile kiatu, akakikutanisha na soli yake mara moja bila kukisogezasogeza, na kukigonga kwa nyundo kuzunguka ukingo wote. Hakutazama saa hata mara moja. Aligusa gundi kwa mgongo wa kidole.

Kipimo hicho cha kidole kina faida kuliko dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kwa kuwa hewa haifanani. Mahali pakavu gundi inaweza kuwa tayari ndani ya dakika 10, ilhali Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika muda huo unaweza kuongezeka maradufu. Tena kuna kosa la siri linalowapata zaidi watu wa pwani: kimiminika kinachopaa kutoka kwenye gundi huupoza uso wa sponji, na hewa iliyojaa unyevu ikiugusa uso huo uliopoa huacha utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho. Gundi huonekana imekauka, lakini haishiki. Siku ya mvua, paka gundi nyembamba zaidi, fanyia kazi ndani badala ya barazani, na upulizie hewa ya uvuguvugu kabla ya kukutanisha. Gundi hii hushika moto upesi, na mvuke wake hulevya na kudhuru; madirisha yawe wazi, na jiko la mkaa liwe limezimwa au liko mbali.

Hali ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Ukikuta gundi imeshika barabara lakini sponji yenyewe ndiyo iliyochanika kando ya ungio, basi kuongeza gundi ni kazi bure, kwa maana kipande kinalazimishwa kukaa katika umbo kisilolitaka. Niliwahi kutengeneza siwa, yaani baragumu kubwa la sherehe, ya mchezo wa jukwaani, nikiiga kwa mbali umbo la zile siwa mbili zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate. Nilikata sponji ya milimita 10, nikaikunja ikiwa baridi kuwa bomba jembamba, nikaigundisha kwa mshono mmoja mrefu. Jioni ilikuwa imara. Asubuhi mdomo wake ulikuwa umefunguka kwa urefu wa kiganja, na sponji imechanika milimita mbili pembeni ya gundi. Kilichohitajika ni kuikunja kwa joto kwanza, ipoe ikiwa imezungushiwa chupa, ndipo ipakwe gundi. Kipande kikiwa kimekwisha kukubali umbo lake, gundi haina kazi ya kupigana na chochote.

Umbo linarudi lilikotoka

Sponji ya EVA hulainika kwa joto na hushika umbo inapopoa, si inapopashwa. Anayeipasha vizuri kisha akaiachia mkononi kabla haijapoa ataiona ikijinyoosha polepole mbele ya macho yake, naye atalilaumu joto. Ishike katika mkunjo kwa dakika mbili au tatu, au uifunge kwa utepe wa kitambaa kwenye chungu, chupa au paja lako mwenyewe juu ya suruali nzito, hadi isiwe na uvuguvugu hata ndani.

Ikiwa hata hivyo inarudi, joto halikufika katikati. Kikaushio cha nywele hutosha sponji ya milimita 2 hadi 5, lakini kwa ya milimita 10 mara nyingi hupasha ngozi tu na kiini hubaki baridi. Kifaa kinachofaa ni kipulizio cha hewa moto cha mafundi, na asiyekuwa nacho anaweza kutumia pasi juu ya karatasi ya kuokea, akipasha upande mmoja, akageuza, akapasha wa pili. Mwali wa gesi siushauri. Sponji ikianza kung'aa sana, kusinyaa pembezoni au kutoa moshi, imepita kiasi. Moshi huo si wa kuvuta, na kipande hicho hakirudi tena kuwa laini.

Chapeo haiingii kichwani

Hapa watu hulaumu kiolezo, na pengine kiolezo hakina kosa lolote. Kosa ni kusahau unene. Tuseme kichwa kina mzunguko wa sentimita 58, na fundi akakata ukanda wa sponji ya milimita 10 wenye urefu wa sentimita 58 kamili. Ukanda huo ukikunjwa kuwa duara, upande wa nje hunyooka na wa ndani hubanwa, na urefu wa sentimita 58 hubaki katikati ya unene tu. Ndani panabaki kama sentimita 55, na chapeo inabana mpaka kichwa kinauma. Kanuni rahisi ni kuzidisha unene kwa 3.14 na kuongeza jibu kwenye kipimo cha mwili: sentimita 1 ya unene inadai nyongeza ya sentimita 3 na kidogo, hivyo ukanda ukatwe sentimita 61 hivi. Anayepanga kuweka kitambaa au sponji laini ndani aongeze unene wa vitu hivyo pia.

Kwa deraya ya kifua na mabega, kiolezo kilichochorwa kwa kukisia hakifai. Vaa fulana usiyoihitaji, mwombe mtu akuzungushie mfuko wa nailoni kisha selotepu ya karatasi hadi mwili uvikwe ganda, chora juu yake mistari ya mishono, halafu ganda likatwe taratibu kufuata mistari hiyo na kulazwa bapa. Kila kipande kiandikwe jina na mshale unaoonyesha juu, na kiandikwe kabla hakijakatwa. Sababu ni kasoro moja inayowachekesha watazamaji na kumliza fundi: kipande cha kulia na cha kushoto kuchorwa kwa kiolezo kimoja bila kukigeuza, na mwishowe shujaa akapanda jukwaani na mikono miwili ya kushoto.

Kingo zimechanikachanika

Kisu ni butu. Karibu kila mara jibu ni hilo tu. Sponji huonekana laini, lakini hula makali ya wembe kwa kasi ambayo mgeni wa kazi hii haitarajii, na kisu cha kukatia karatasi chenye ncha za kuvunja kinapaswa kuvunjwa ncha mara tu ukingo unapoanza kuonyesha chembechembe. Ikiwa ncha ni mpya na bado ukingo ni mbaya, basi unajaribu kumaliza unene wote kwa pigo moja. Pitisha mara mbili au tatu katika njia ileile, mkono ukiwa mwepesi, na usogeze kipande badala ya kupindisha kifundo cha mkono penye kona. Ukingo unaoinama upande mmoja unatokana na kisu kisichosimama wima, na huo ndio mzazi wa maungio yenye nyufa ambayo baadaye hujazwa puti bila mafanikio.

Rangi inapasuka, inachubuka au haikauki

Nyufa kama za tope la mto uliokauka zina maana kwamba mkono mmoja wa rangi ulikuwa mnene, ukakauka juu kabla ya chini. Rangi inayotoka kama ngozi nzima, kipande kwa kipande, haikushika tangu mwanzo: chini yake kulikuwa na vumbi, jasho la viganja, mafuta ya mgando yaliyotumika kwenye ukalibu (umbo la kufinyangia), au uso laini mno ambao haukusuguliwa kwa msasa mwembamba. Vitundu vidogovidogo kama vya mkate vinaonyesha kwamba vinyweleo vya sponji havikuzibwa, na rangi inazama humo kila mkono unapopakwa. Mtu anaweza kumaliza kopo zima akidhani rangi ni ya bei rahisi.

Kuziba ni kazi ya hatua mbili. Kwanza pitisha hewa moto juu ya uso wote hadi ubadilike kidogo na kuanza kung'aa kwa mbali, kwa sababu joto hufunga vinyweleo vya juu. Kisha paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Sehemu zinazokunjwa, kama kiwiko au mkanda wa ngao, zipewe mikono michache na myembamba zaidi, kwa kuwa gundi nyeupe iliyokauka ikiwa nene huvunjika inapokunjwa, na rangi iliyo juu yake huvunjika nayo. Ikumbukwe pia kwamba gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Deraya iliyozibwa hivyo ikinyeshewa bila vanishi juu itanata na kuacha alama za vidole.

Rangi inayonata hata baada ya wiki nzima mara nyingi ni rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya plastiki laini au ngozi bandia. Hiyo haiponi kwa kusubiri. Ikwangue, usafishe uso, upake praima inayofaa plastiki, urudi kwenye rangi za maji.

Na kuna msiba wa sponji nyeupe nyepesi, ile inayofungashiwa runinga. Rangi ya kopo la kupuliza na thina huiyeyusha. Mtu hupulizia joka lake rangi ya fedha na kulikuta limeliwa mashimo kabla hajamaliza mgongo. Sponji hiyo ifunikwe kwanza kwa karatasi na gundi nyeupe pasipo kuacha tundu hata moja, au ipakwe rangi ya maji kwa brashi tu. Kipande kidogo cha kujaribia, kikubwa kama kiberiti, kingeepusha msiba wote, na nitalirudia jambo la vipande vya kujaribia baadaye.

Upanga unalegea

Upanga wa sponji usio na uti ndani utainama. Hilo si kasoro, ni tabia ya sponji. Lakini upanga wenye uti nao huinama, na sababu zake ni tatu. Uti unaweza kuwa mwembamba mno kwa urefu wake. Unaweza kuwa unaishia pale jani la upanga linapokutana na mpini, mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote, badala ya kupita ndani ya mpini hadi mwisho wake. Au unaweza kuwa unachezacheza ndani ya mfereji wake kwa sababu ulikatiwa nafasi pana. Bomba la plastiki la nyaya za umeme la milimita 20 ni zuri kwa upanga mnene, na ufito wa mwanzi uliokauka vizuri ni mzuri zaidi kwa kitara chembamba, mradi uwe umekauka kweli. Mwanzi mbichi hupinda unapokauka na kuuvuta upanga wote pamoja nao.

Upanga uliopindika kama propela ni jambo jingine. Tabaka mbili za sponji zilipogundishwa, moja ilikuwa imevutwa kidogo kuliko nyingine, nayo sasa inadai urefu wake. Zilaze zote mbili juu ya meza iliyo sawa, anza kukutanisha katikati kuelekea ncha mbili, na usivute. Uliokwisha kupindika unaweza kupashwa joto pande zote na kulazwa chini ya ubao na mawe usiku kucha. Wakati mwingine unapona.

Mahali pa kuhifadhi nako kuna lawama. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda kiasi cha kulainisha sponji na kulegeza gundi ya viatu kwa pamoja, na upanga ulioegemezwa ukutani kwa mwezi mzima huchukua umbo la kuegemea. Ulazwe bapa, au uning'inizwe kwa mpini.

Kinyago cha karatasi kinaoza, kinajikunja, kinaliwa

Anayetengeneza uso wa zimwi au wa nunda kwa magazeti na uji wa ngano pwani anapambana na hewa kuliko anavyopambana na sanaa. Ukungu unaotokea ndani ya kinyago ambacho nje kimekauka kabisa unaonyesha kwamba tabaka nyingi zilibandikwa kwa mara moja: jua lilikausha ngozi ya nje, ngozi ikafunga maji ndani. Bandika tabaka tatu, acha zikauke hadi kinyago kikigongwa kilie kama boksi na si kama mkate, kisha endelea. Ukitumia gazeti kwa tabaka moja na karatasi nyeupe kwa inayofuata, hutapotea katika kuhesabu wala hutaacha sehemu yenye tabaka pungufu. Kinyago kinachojikunja kiliondolewa kwenye ukalibu kabla ya wakati, au kilianikwa jua likiwa upande mmoja tu.

Wengi hutia chumvi kwenye uji kuzuia ukungu. Inasaidia kidogo, lakini chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani, na mahali penye hewa nzito mwishowe karatasi hubaki na ulaini usiokwisha. Kwa anayeishi karibu na bahari, maoni yangu ni kuachana na unga na kutumia gundi nyeupe, ingawa gharama ni kubwa zaidi. Kuna sababu ya pili, ambayo niliijua asubuhi moja nilipofungua kabati: mende walikuwa wamekula pua yote ya zimwi na sehemu ya mdomo wa juu, wakaacha rangi ikiwa imesimama peke yake kama ganda la yai. Unga ni chakula. Asiyeweza kuukwepa aupake vanishi ndani na nje, hata mahali pasipoonekana.

Kila kitu ni sahihi lakini kinaonekana cha kuchezea

Dalili hii haina ufa wala tundu, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Upanga umenyooka, rangi ya fedha imetulia, na bado ni plastiki machoni pa kila mtu. Chanzo ni kwamba rangi moja imepakwa sawasawa kila mahali, jambo ambalo chuma cha kweli hakilifanyi. Litazame dele la muuza kahawa: mkono unaposhika hung'aa, tumbo limefifia, mikunjo ya shingo ni myeusi kwa masizi na uchafu usiofikiwa na kitambaa, na chini karibu na makaa rangi imegeuka kuwa ya hudhurungi na zambarau. Kila doa lina sababu yake. Anayechafua upanga wake bila kujiuliza ni mkono gani uliushika na ala ipi iliusugua hupata uchafu, lakini hapati umri.

Kwa vitendo, paka rangi nyeusi kwanza, kisha fedha au shaba juu yake kwa brashi iliyokaribia kukauka, ukigusa sehemu zilizoinuka tu. Halafu rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana kwa maji ipitishwe kwenye mifereji na kufutwa mara moja kwa kitambaa. Mwisho kabisa, mguso mdogo wa fedha safi kwenye kingo ambazo zingegongana na ngao ya adui. Kazi hii ikifanikiwa huleta tatizo jipya: upanga unaoonekana wa kweli usibebwe wazi ndani ya daladala au matatu. Uvishe mfuko.

Mkono hausogei

Sasa dalili iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haionekani kwenye kifaa bali kwa mtengenezaji. Inakuja kwa sura kadhaa.

Sura ya kwanza ni kasoro ileile kurudi katika kila kazi mpya. Kazi ya tano ina maungio mabaya kama ya kwanza. Sababu si uvivu, maana mtu huyu pengine anafanya kazi sana; ni kwamba kila kazi ni kubwa, inachukua wiki sita, na ndani ya wiki hizo sita anaunganisha mshono mgumu mara nne tu, kila mshono ukiwa tofauti na mwenzake. Mara nne kwa mwezi na nusu hazifundishi mkono. Dawa ni kuitoa stadi moja nje ya kazi na kuirudia peke yake. Chukua mabaki ya sponji, uyakate vipande 10 vya sentimita 10, na kwa dakika 30 usifanye lolote ila kukata ukingo wa mshazari na kuunganisha viwili viwili. Kesho yake vivute vyote vifunguke, uvisome kama nilivyoeleza mwanzoni. Juma moja la mazoezi hayo hukupa maungio mengi kuliko miezi mingi ya deraya kubwa, na gharama yake ni mabaki uliyotaka kuyatupa.

Andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, hali ya hewa, mikono mingapi ya gundi, ulisubiri muda gani, ungio liliachia au sponji ilichanika. Vipande vya kujaribia vitobolewe tundu na kuning'inizwa kwa kamba ukutani vikiwa na namba ya ukurasa. Baada ya miezi mitatu, anayejiuliza kwa nini rangi ya shaba imegeuka kijivu hatahitaji kumuuliza mtu, kwa sababu jibu litakuwa linaning'inia mbele yake.

Sura ya pili ni kazi nyingi zilizoanzwa na hakuna iliyokwisha. Ukizikagua utaona zote zimesimama mahali pamoja, kwa kawaida kwenye mikanda, vifungio na bitana, kazi zisizo na raha ambazo huachwa mwisho. Geuza mpangilio: tengeneza vifungio kabla ya mapambo. Kifua cha deraya kisicho na nakshi lakini kinachovalika kinamvuta mtu akimalize. Kifua chenye nakshi zote ambacho hakina mkanda hubaki juu ya kabati.

Sura ya tatu humpata aliyeacha wiki mbili kwa ugonjwa, mitihani au msiba, akarudi na kuharibu kipande cha maana kwa mkato wa kwanza. Mkono uliopumzika hupoteza kipimo cha nguvu kabla ya kupoteza ujuzi. Arudie mabaki kwa siku mbili ndipo aiguse kazi yenyewe. Kwa hesabu yangu, nusu saa kwa siku tano za juma inazidi Jumamosi nzima, kwa maana kazi ya saa tatu za mwisho za Jumamosi hufanywa na mkono uliochoka na kisu kilichokwisha makali, na hapo ndipo vidole hukatwa.

Kwa anayetaka kipimo kimoja kinachokusanya kila kitu, ninapendekeza jambia la urefu wa sentimita 25 pamoja na ala yake. Ni dogo, linakula pea mbili za ndala, na ndani yake kuna mkunjo wa joto, tabaka mbili, ukingo wa mshazari, uti, mpini wa kusokota, kuziba, rangi ya chuma, na ala ambayo isipopimwa kwa kuzingatia unene haitaingia. Litengeneze mara tatu mfululizo bila kubadili kiolezo, ukijiwekea siku nne kwa kila moja, na usilirekebishe la kwanza hata likikukera. Yapange yote matatu mezani, utumie mwanga wa pembeni, wa dirisha la asubuhi au tochi ya simu iliyolazwa chini, kwa sababu mwanga wa juu huficha mawimbi na mishono. La tatu likiwa na mpini mzuri lakini mshono bado unaonekana nchani, la nne lianzwe nchani.